Mungu Hakuendesha Lile Lori

  Najua mmeshafungua redio mkisubiri taarifa ya habari. Msizime, maneno ya jioni hii yanamhusu kila anayepanda gari, na hapa kwetu Songwe nani asiyepanda?

Nitaanzia Nanyala. Anayesafiri kutoka Tunduma kwenda Mbeya anaijua: umeiacha Vwawa, umeipita Mlowo na magunia yake ya mahindi, barabara imenyooka kidogo, halafu kabla hujafika daraja la Mto Songwe ardhi inaanza kukukimbia chini ya magurudumu. Huo ndio mlima Senjele. Anayekuja huku akitokea Mbeya anaupanda kwa kulalama, gia ya pili, gia ya kwanza, utingo ananing'inia mlangoni na gogo lake mkononi, tayari kuruka aweke nyuma ya tairi. Anayekwenda kule anauteremka. Na hapo kwenye kuteremka ndipo yalipo mazungumzo yangu ya leo.

Mnakumbuka Februari ya mwaka 2019. Watu 19 walipoteza maisha katika ajali moja pale Senjele, lori na gari la abiria. Kumi na tisa kwa mpigo mmoja. Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, alituma rambirambi kwa Mkuu wa Mkoa wetu, na mkoa wenyewe ulikuwa bado mchanga, umezaliwa mwaka 2016 tu kwa kumegwa kutoka Mbeya. Sisi wengine tulikwenda misibani, tukakaa chini ya maturubai, tukasikia mahubiri. Na mahubiri, msikilizaji wangu, yalikuwa yaleyale ambayo umeyasikia kwenye kila msiba tangu ulipopata akili: kazi ya Mungu haina makosa.

Siyabezi maneno hayo. Nimeyasema mwenyewe mara nyingi, na mengine niliyasema kwa sababu sikuwa na la kusema. Ila kuna bibi mmoja wa Nanyala aliyenifanya niyaogope.

Haikuwa ile ajali ya watu 19. Ilikuwa nyingine, ndogo, isiyofika hata gazetini. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha pikipiki yake pembeni akisubiri abiria, lori likateremka, likamchukua. Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Nilifika siku ya maziko. Wanaume tulikuwa nje tumeuzunguka moto, kina mama ndani wamejaa kwenye mikeka, chungu cha uji jikoni. Mchungaji alisimama mlangoni ili asikike pande zote mbili, akafungua Biblia, akafariji vizuri tu, kisha akafika pale: kazi ya Mungu haina makosa, na haya ni mapenzi yake. Tukaitika amina. Ndipo sauti ya bibi ikatoka mle ndani, ya chini, bila hasira.

"Mchungaji, mimi Mungu nampenda. Lakini Mungu hakuendesha lile lori."

Hakuna aliyekohoa. Nilitazama viatu vyangu. Na mchungaji yule nitamheshimu hadi nife, kwa sababu hakubishana. Hakumwambia bibi atubu, hakumnukuu Paulo wala Petro. Alifunga Biblia yake, akavua viatu, akaingia ndani akaketi kwenye mkeka karibu na miguu ya bibi, akanyamaza. Ibada iliendelea baada ya muda mrefu, kwa wimbo.

Nimelibeba neno la yule bibi miaka kadhaa sasa, nikilipima na Maandiko, nikilipima na Kiswahili chetu. Nitaanza na Kiswahili, maana lugha yetu ina mitego yake.

Hebu lichukue neno ajali. Limetoka kwenye Kiarabu, ajal, na huko maana yake ni muda uliowekwa, siku ambayo mja amepangiwa kufika mwisho wake. Waswahili wa zamani wa pwani walilitumia hivyohivyo: ajali ya fulani imefika, yaani siku yake imetimia. Leo hata gari likigonga punda tunasema ajali. Ila ile maana ya kale haijaondoka, imejificha ndani ya neno. Kila tunapotamka ajali, tunakuwa tumeshahukumu nusu nusu kwamba jambo lilipangwa juu mbinguni. Kisha tunaongeza methali: ajali haina kinga. Haina? Breki ni nini basi? Upepo wa breki anaotakiwa dereva kuukagua kabla ya kushuka ni kitu gani? Mwenye lori anayemlazimisha dereva aunganishe safari kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma bila kulala, na dereva anayeweka gia nyutro mlimani ili abane mafuta kidogo akauze chupa mbili tatu, hao wote wamejificha nyuma ya neno moja lenye heshima ya kidini.

Msidhani natania. Kuna mahali neno hilo lilitumika kwa makusudi kuficha damu. Kampala, Februari 1977. Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, alikamatwa tarehe 16 pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa. Kwa nini? Ajali ya gari. Hakuna aliyeamini, hata waliokuwa wanasoma tangazo.

Nataka tukae na Luwum kidogo, kwa sababu yeye ananisaidia kumwelewa bibi wa Nanyala. Mapema mwezi huohuo askari walikuwa wamevamia nyumba yake usiku wa manane, wakamwekea bunduki, wakasema wanatafuta silaha. Alifanya nini mtu huyu wa Mungu, mtu wa uamsho, aliyeokoka mwaka 1948 na kulia dhambi zake hadharani? Alikaa na maaskofu wenzake wakaandika barua kwa Amin. Waliandika kwa heshima lakini bila kuzunguka: watu wanauawa, askari wanaopaswa kulinda ndio wanaotisha. Wakaweka sahihi zao. Siku chache baadaye alipoitwa kwenda hoteli ya Nile Mansions alikwenda, na hakutoroka nchi ingawa njia ya kutoroka aliijua na wenzake kadhaa waliifuata baadaye. Waliokuwa naye siku ile walisimulia kwamba alikuwa mtulivu, anaona mkono wa Bwana katika mambo yale.

Sasa angalieni mpangilio. Barua kwanza, utulivu baadaye. Hakuanza kwa kusema haya ni mapenzi ya Mungu, tuyaache. Alipinga uovu kwa jina lake, akamwambia mwenye bunduki usoni, na baada ya kumaliza kazi hiyo akayaweka maisha yake mikononi mwa Mungu. Waganda leo wanapumzika kazi kila tarehe 16 Februari kwa ajili yake. Na kule London, kwenye ukuta wa mbele wa Westminster Abbey, sanamu yake imesimama tangu 1998 pamoja na mashahidi wengine wa karne ya 20.

Nirudi kwenye mitego ya lugha. Kuna neno mapenzi. Kwenye Sala ya Bwana tunaomba mapenzi ya Mungu yafanyike; nyie nyote mnaijua sala hiyo, wengi mnaisali usingizini. Kwa Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Injili, neno lililoko pale ni thelema, yaani kile mtu anachokitaka, matakwa yake. Wazungu nao wana neno lao la matakwa na neno lao tofauti la upendo. Sisi Waswahili tumeweka yote kwenye kikapu kimoja. Mapenzi ni anachotaka Mungu, na mapenzi ni kile kinachoimbwa kwenye nyimbo za bongo fleva kwenye mabasi. Mimi nadhani waliotutafsiria walitupa zawadi bila kujua. Kwa maana ukisema kifo cha mtoto ni mapenzi ya Mungu, sikio la Mswahili linasikia mambo mawili: Mungu alitaka, na Mungu alipenda. Sasa mwambie mama aliyezaa, mwambie bibi aliyelea, kwamba Mungu alipenda tairi kumi na nane zipite juu ya mwanawe. Ulimi unakuwa mzito, sivyo? Unapaswa kuwa mzito. Lugha yenyewe inakukataza.

Ndiyo maana nasema bibi alikuwa Mkristo kuliko sisi tulioitika amina.

Lakini subirini, wazee wa kanisa msianze kunipigia simu. Sijasema Mungu hana habari na Senjele. Sijasema dunia inajiendesha yenyewe. Nasema kuna tofauti kati ya Mungu kuwa Bwana wa mambo yote na Mungu kuwa dereva wa kila gari. Wanatheolojia wamegombana juu ya hilo tangu enzi za Agostino, na mimi sitalimaliza kabla ya taarifa ya habari. Ninachotaka kuuliza ni kitu kidogo zaidi: ni lini tunaruhusiwa kusema, Bwana, mapenzi yako?

Tumtazame Ayubu, maana misibani hakosekani. Wahubiri wetu wanampenda Ayubu wa sura ya 1, aliyepokea habari za kufiwa akaanguka akasujudu. Halafu wanaruka hadi sura ya 42, Ayubu kapata ng'ombe na kondoo mara mbili ya wa mwanzo, haleluya. Kitabu kina sura 42. Katikati ya hizo mbili kuna sura 40, ndugu zangu! Na ndani ya sura hizo Ayubu analaani siku aliyozaliwa, anadai kesi yake isikilizwe, anamwambia Mungu maneno ambayo ukiyasema kwenye kikundi cha maombi leo utawekewa mikono utolewe pepo. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanashtuka. Wanamtetea Mungu. Wanasema lazima kuna dhambi mahali, Mungu hakosei. Mwishowe Mungu mwenyewe anaingia, na anamkasirikia nani? Wale watatu waliokuwa wanamtetea. Anasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu, kama alivyonena Ayubu.

Jambo moja zuri wale watatu walilifanya, nalo walilifanya kabla hawajafungua vinywa. Walipofika walikaa naye chini, mchana na usiku, siku saba, bila neno. Wangerudi kwao siku ya nane, wangekuwa mashujaa wa Biblia.

Yule mchungaji wa Nanyala aliyevua viatu, mimi naamini alikuwa amewakumbuka.

Kuna na lingine la hapa kwetu, nisilipite kwa aibu. Sisi watu wa Songwe tukifiwa ghafla, mchana tunasema mapenzi ya Mungu na usiku tunanong'ona mkono wa mtu. Tunawaita lambalamba waje wapige ramli, watuoneshe mchawi, na mchawi siku zote anatokea kuwa bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, asiye na mtoto wa kumtetea. Serikali imepiga kelele, makanisa yamepiga kelele. Basi niwaambie: kwenye vifo vingi vya barabara ile, mkono wa mtu upo kweli. Ulikuwa kwenye usukani. Mwingine ulikuwa umeshika kalamu ukapitisha gari bovu kwenye ukaguzi. Hamhitaji ramli kuuona.

Najua kuna anayeniuliza: sasa mbona Bwana mwenyewe alikubali? Bustani ya Gethsemane, hakusema mapenzi yako?

Alisema. Lakini sikiliza alivyofika huko. Jina Gethsemane maana yake ni shinikizo la mafuta, mahali pa kukamulia zeituni. Mliowahi kupeleka alizeti mashineni mnajua kukamua ni nini: hakuna tone linalotoka bila kubanwa. Usiku ule Yesu aliomba mara tatu, na ombi la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa kikombe kiondolewe. Hakuanza na kukubali. Alianza na hapana. Alimwambia Baba yake anachotaka, wazi, kama mtoto, na Luka anasimulia jasho lililodondoka kama matone ya damu. Aliwataka rafiki zake wakeshe naye. Alihitaji watu, Mwana wa Mungu huyo, nao wakalala usingizi. Kukubali kulikuja mwishoni mwa sentensi, baada ya kukamuliwa. Nasi tunataka mama aliyefiwa saa nane mchana awe ameshakubali ifikapo ibada ya saa kumi! Tunamtaka aanze pale Yesu alipomalizia.

Kitabu cha Zaburi nacho, nyimbo 150, karibu theluthi moja ni vilio. Ya 88 haina hata mstari wa matumaini mwishoni. Inaishia gizani kabisa. Wazee wa Israeli waliiacha ndani ya kitabu cha sala. Hawakuibandika haleluya ili ipendeze.

Kuna tenzi moja tunayoimba misibani hadi tunalia, Ni Salama Rohoni Mwangu. Mwandishi wake ni Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago. Novemba 1873 mke wake Anna na binti zao wanne walipanda meli, Ville du Havre, kwenda Ulaya. Meli iligongwa na nyingine baharini ikazama. Watu 226 walikufa, binti wote wanne wakiwamo, Anna akaokolewa. Spafford akavuka bahari kumfuata mkewe, na katika safari hiyo ndipo tenzi ilipozaliwa. Hadi hapo kila mhubiri anasimulia. Wasichosimulia ni yaliyofuata. Walirudi Chicago, wakapata watoto wengine, na mwaka 1880 homa ikamchukua kijana wao wa miaka minne. Basi watu wa kanisani kwao wakaanza maneno: familia hii imefanya nini mbele za Mungu? Elifazi, Bildadi na Sofari walikuwa wamehamia Marekani. Spafford na mkewe waliondoka katika kanisa lile, na mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu na kikundi kidogo, wakaishi wakihudumia maskini na wagonjwa bila kuuliza dini yao. Huko ndiko alikofia, 1888, kwa malaria, ugonjwa tunaoufahamu.

Nawapenda watu wale kwa hilo. Tenzi ni nzuri, ila mimi napima ukweli wake kwa Yerusalemu. Na tena Kiswahili chetu kinanipa kitu: salama na kujisalimisha ni shina moja, yote yametoka tumbo moja la Kiarabu. Anayejisalimisha anatafuta usalama. Askari akisalimisha silaha anasema nimechoka kupigana peke yangu, nilindeni. Hasemi vita vilikuwa vizuri.

Hapo nafikia upande mwingine wa jambo, na sitaki mniache bila kuusikia. Kuna mateso yasiyo na dereva. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anapanda mche, anasubiri kama miaka mitatu auone ukizaa, na mwaka ambao matunda yameiva mvua ya mawe inashuka dakika ishirini, shamba lote chini. Au ugonjwa wa chulebuni unaingia kwenye matunda mabichi yanakuwa meusi. Utampeleka nani mahakamani? Au kansa. Au mtoto aliyezaliwa na moyo wenye tundu. Hapo hakuna wa kumwandikia barua kama Luwum. Hapo unabaki wewe na Mungu, na swali halina anwani nyingine. Huko ndiko imani inapokamuliwa kwelikweli, na nitawaambia ukweli, mimi sina maelezo. Nimewaona tu watu wanavyofanya. Mkulima analia, siku mbili hatoki ndani, siku ya tatu unamkuta na mkasi anapogoa. Ukimuuliza anasema namwachia Mungu, na huku anapogoa. Mkono haujaacha kitu hata kimoja. Kilichoachwa ni lile fundo la kifuani.

Namwachia Mungu. Mmewahi kuisikiliza vizuri kauli hii inavyotumika mitaani? Mtu amedhulumiwa kiwanja, anasema namwachia Mungu, na macho yake yanasema Mungu atakukomesha. Hiyo ni kumtuma Mungu kama mgambo. Mwingine ameshindwa kumpeleka mtoto hospitali wiki nzima, anasema namwachia Mungu. Huo ni uvivu uliovaa joho la kwaya. Kumwachia kwenyewe nimekuona mara chache, na watu waliofikia hapo hawapigi kelele.

Hata wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, waliotuletea wengi wetu Injili pande hizi hadi Mbozi, walikuja wachache na mmoja wao akafa kwa homa kabla kazi haijashika. Waliobaki wakamzika, wakaendelea kukata miti ya kujengea.

Sasa yule bibi. Nilirudi Nanyala siku ya kuanua matanga. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Alikuwa amekonda lakini anaongea. Nikamwambia, bibi, lile neno lako siku ile lilituumiza. Akacheka kidogo, cheko la kikohozi. Akasema, "Mwanangu, nimegombana na Mungu siku zote hizi. Sasa nimechoka, yeye hajachoka. Basi namwachia." Nikadhani mazungumzo yameisha. Akaongeza: "Lakini kile kijiwe cha bodaboda kitoke pale. Kipo mdomoni mwa mlima. Kesho nakwenda kwa mwenyekiti."

Akaenda kweli, na mkongojo wake. Akaenda tena. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema yeye haombi pole, ameshapewa pole za kutosha, anaomba vijana wasimame mbali na mteremko. Baadhi ya vijana walinung'unika kwamba abiria watawapita. Ikachukua muda, lakini kijiwe kikasogezwa, kama hatua mia hivi, upande ambao gari likikosa njia haliwafikii moja kwa moja.

Huo ndio unyenyekevu chini ya mapenzi ya Mungu nilioushuhudia kwa macho yangu katika kata ya Nanyala. Alikataa kumsingizia Mungu, akalia mbele zake, akamwachia kile ambacho mkono wake haukuweza kukirudisha, na kile alichoweza akakifanya kwa mkongojo.

Wachungaji, wainjilisti, makatekista mnaonisikiliza: msiba ujao, vueni viatu kwanza. Sura ya 42 ipo, haitakimbia.

Na wewe dereva, ambaye huenda unanisikia muda huu kwenye kabini ukiwa foleni ya mpakani Tunduma, au umeshageuza kichwa cha gari kuelekea Mbeya na tela limejaa. Ukifika Nanyala, kabla mlima haujaanza, simama pembeni. Shuka. Kagua upepo, gonga tairi, mwambie utingo atazame bomba. Ingiza gia nzito, uiache hukohuko hadi darajani. Sali kama unasali. Kisha teremka polepole: kijiwe kipya kipo upande wa kushoto, na saa hizi vijana bado wako kazini.